Masaji chumbani katika hoteli za Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa ajili ya mgeni anayelala hotelini Lubumbashi, awe amekuja kwa kazi za madini, mkutano, harusi, msiba au matibabu, ambaye angependa kukandwa mwili chumbani mwake badala ya kwenda kuzunguka mjini akitafuta saluni. Yanahusu masaji ya kulegeza misuli na kupumzisha mwili tu. Anayetumia jina hilo kutafuta jambo lingine hatasaidiwa hapa, na sababu imeelezwa mbele kidogo.

Nianzie wapi?

Anzia mapokezi, hata kama rafiki amekupa namba ya simu ya mtu anayemsifu. Baadhi ya hoteli kubwa zina watu wao wa masaji. Hoteli ndogo za mitaa kama Kampemba au Bel-Air kwa kawaida hazina, lakini mhudumu wa mapokezi huwa anamjua mkandaji anayekuja mara kwa mara na ambaye wageni waliotangulia hawakumlalamikia. Ujuzi huo wa mhudumu una thamani kuliko tangazo lolote la kwenye simu, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa kesho asubuhi ikiwa mambo yameharibika.

Uliza mchana, si saa ile ile unayotaka kukandwa, kwa kuwa mkandaji mzuri huenda yuko katika mtaa mwingine, kama Ruashi au Katuba, na anahitaji muda wa kufika. Ombi lako liwe kamili tangu mwanzo: sehemu inayouma, muda unaotaka, saa, na kama unamtaka mwanamume au mwanamke. Unaweza kusema hivi: “Mama, naomba mtu wa kunikanda mgongo na mabega kwa saa moja, leo saa 19:00, awe mwanamke, na kama ana meza yake aje nayo.” Ukisema tu kwamba unataka masaji, kila mtu ataelewa anavyotaka yeye, na sehemu kubwa ya kutoelewana kunakotokea baadaye chumbani huanzia hapo.

Je, ninaweza kumwita mkandaji wa nje mimi mwenyewe?

Unaweza, mradi hoteli inakubali, na ni vizuri kuuliza kabla ya kumwita. Hoteli nyingi humwandika kila mgeni wa chumbani, na nyingine humwomba aache kitambulisho mapokezi hadi atakapotoka. Kwa wakaaji wengi wa hapa kitambulisho hicho ni kadi ya mpiga kura. Kuna hoteli zisizoruhusu wageni wa chumbani usiku, na kuna zinazomhesabu mtu yeyote anayepanda juu kuwa mlalaji wa pili na kumtoza mwenye chumba. Mpe mhudumu jina la mkandaji mapema ili sentinele, yaani mlinzi wa mlangoni, asimzuie nje mbele za watu, jambo ambalo ni la kumwaibisha mtu aliyekuja kufanya kazi yake.

Mkandaji akisisitiza kupita mlango wa nyuma au kuingia bila kuonekana mapokezi, usimpokee. Vivyo hivyo, mhudumu akikuambia kwamba mambo haya yafanyike kimya kimya bila kuandikwa, mwombe akuitie gerente, yaani meneja wa hoteli.

Kwa nini jina lake liandikwe? Si ni mambo yangu binafsi?

Hakuna anayehitaji kujua unaumwa wapi. Kinachoandikwa ni nani ameingia, chumba gani, saa ngapi na ametoka saa ngapi. Daftari hilo linakulinda wewe ikiwa simu itapotea, na linamlinda yeye ikiwa atasingiziwa. Wageni wengi hufikiri ulinzi unawahusu wao tu. Wanasahau kwamba anayeingia peke yake katika chumba cha mtu asiyemjua na kufunga mlango ni mkandaji, na kwamba yeye ndiye aliye katika hatari zaidi.

Nitatambuaje mtu anayeijua kazi?

Kwanza tofautisha kazi mbili. Mtaalamu wa tiba ya viungo, ambaye hapa wengi humwita kine, amesomea mwili na magonjwa yake, na hufanya kazi hospitalini au katika kituo cha afya. Huyo ndiye wa kumwona baada ya mvunjiko, kiharusi au upasuaji. Mkandaji wa kawaida amejifunza kulegeza misuli, pengine katika saluni, pengine kwa mtu aliyemtangulia. Wote wawili wanaweza kuwa hodari, lakini hawafanyi kazi moja, na mkandaji anayekuambia kwamba atarudisha mfupa uliotoka mahali pake anapaswa kuambiwa asante na kuondoka.

Mkandaji mzuri utamjua kwa maswali yake kabla ya kumjua kwa mikono yake. Atauliza kama una ugonjwa wowote, unatumia dawa gani, ulipasuliwa lini, una mimba au la, na sehemu gani isiguswe. Atanawa mikono mbele yako, kucha zake zitakuwa fupi, hatakuwa na pete wala bangili, na atakuja na shuka au taulo safi au aiombe hoteli. Asiyeuliza lolote na kuanza moja kwa moja kumimina mafuta hajali kazi yake, hata kama ana nguvu za mikono.

Bei hupangwaje, na nilipe kwa fedha gani?

Bei hutegemea dakika, aina ya masaji, saa ya usiku, umbali anakotoka mkandaji, na kama hoteli inachukua sehemu yake. Muda unaozoeleka ni dakika 30, 60 au 90. Kabla hajapanda, mkubaliane mambo matatu: bei yenyewe, kama nauli yake ya kwenda na kurudi imo ndani, na kama dakika za kufunga na kufungua meza zinahesabiwa. Ikiwa malipo yanapitia hesabu ya hoteli, uliza pia kama TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 imekwisha kuongezwa, maana tofauti hiyo huwashangaza wageni asubuhi ya kuondoka.

Dola na franka za Kongo zote hupokelewa. Kama bei imetajwa kwa dola na wewe unalipa kwa franka, semeni kiwango cha kubadilishia mapema, kwa sababu kila mtu ana kiwango chake. Mgeni kutoka nje ajue kwamba noti ya dola iliyochanika hata kidogo, iliyoandikwa kwa kalamu au iliyochakaa hukataliwa hapa, na mkandaji akiikataa si kwamba anakudharau; naye sokoni ataikataliwa. Wengi hupokea pia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na malipo ya namna hiyo yana faida ya kuacha ujumbe unaoonyesha kiasi na saa.

Matabishi, yaani bakshishi, si lazima. Ukitaka kumpa, mpe mwenyewe mkononi baada ya kazi, kwa sababu kilichoachwa mapokezi hakifiki sikuzote.

Ni saa gani inayofaa zaidi?

Kati ya saa 17:00 na saa 20:00, kwa maoni yangu. Umeshamaliza kazi, hujala chakula cha usiku, na mkandaji bado ana taksi za kumrudisha kwao. Ukiwa umeshiba bukari (ugali) na samaki, subiri saa moja na nusu hadi mbili, kwa maana kulala kifudifudi tumbo likiwa limejaa ni mateso. Ukiwa umekunywa chupa kadhaa za bia ya Simba au Tembo, ahirisha hadi kesho: pombe hupunguza hisia ya maumivu, nawe hutaweza kusema kwa wakati kwamba unaumizwa.

Andika saa kwa tarakimu za saa 24 katika ujumbe wako. Mgeni kutoka Kinshasa akumbuke kwamba Lubumbashi iko mbele kwa saa moja, na mgeni kutoka Dar es Salaam au Nairobi kwamba iko nyuma kwa saa moja. Mkandaji akiagizwa saa za usiku sana, nauli yake ya taksi ya kumfikisha mlangoni kwake iwe juu ya aliyemwita. Kumwacha mama wa watu atafute usafiri wa kwenda Katuba usiku wa manane ili wewe ulale vizuri si haki.

Chumba kiandaliweje?

Kitanda cha hoteli ni laini mno kwa masaji ya kubonyeza. Nguvu ya mkono humezwa na godoro, na mkandaji huinama hadi mgongo wake mwenyewe ukauma. Meza ya kukunja ndiyo bora, nayo inahitaji nafasi ya kutembea pande zote, kwa hiyo sogeza viti na masanduku kabla hajafika. Asipokuwa na meza, blanketi nene lililotandikwa sakafuni na kufunikwa shuka linafaa kuliko kitanda, na kwa mabega na shingo tu inatosha kukaa kwenye kiti ukiegemea mto uliowekwa juu ya meza ya kuandikia.

Omba taulo mbili kubwa na shuka moja ya ziada, kwa sababu mafuta huacha madoa na hoteli nyingine hutoza shuka iliyoharibika. Fedha, hati ya kusafiria na kompyuta viwekwe kwenye sefu au sandukuni kabla ya mkandaji kuingia. Kufanya hivyo si kumshuku. Ni kumwondolea mashaka yoyote baadaye. Oga kwanza.

Na baridi ya miezi ya Juni na Julai?

Swali hili huulizwa na wageni waliodhani Kongo yote ni joto. Lubumbashi iko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1 200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa katikati ya kiangazi, yaani majira yasiyo na mvua, joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Misuli iliyokazwa na baridi hailegei, hata mkono uwe hodari namna gani. Omba kifaa cha kupasha chumba joto mapema, funika sehemu zote ambazo hazikandwi, na usishangae mafuta ya nazi yakiwa yameganda kama samli: huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, nayo hulainika chupa ikitumbukizwa katika bakuli la maji ya moto. Kwa kuwa umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unaweza kukatika wakati wowote, uliza kama jenereta ya hoteli inawasha pia mashine ya maji moto, maana si kila mahali inafanya hivyo.

Je, ni lazima nivue nguo zote?

La. Nguo ya ndani hubaki, taulo hufunika mwili, na hufunuliwa sehemu ile tu inayokandwa kwa wakati huo. Mkandaji hutoka au hugeuka wakati unapojiandaa. Masaji ya Kithai, ambayo UNESCO iliyaorodhesha mwaka 2019 katika turathi za utamaduni, hufanywa ukiwa umevaa nguo pana na bila mafuta, na yanamfaa mtu anayeona haya kuguswa ngozi. Mguu na kiganja pia hukandwa bila kuvua chochote zaidi ya viatu. Kama unataka mume, mke, dada au rafiki akae chumbani muda wote, una haki hiyo, na mkandaji anayekataa bila sababu asiendelee.

Nimefika leo baada ya safari ndefu. Nikandwe usiku huu huu?

Mara nyingi inawezekana, lakini tazama miguu yako kwanza. Aliyekaa kwenye ndege kutoka Ulaya, au kwenye gari kutoka Kolwezi, safari ya kilomita 300 hivi, anaweza kuona miguu yote miwili imevimba kidogo. Hiyo hupungua kwa kutembea na kuinua miguu. Kinachotisha ni mguu mmoja tu uliovimba, hasa nyuma chini ya goti, unaouma, wenye joto au wekundu. Hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kuikanda kunaweza kuing'oa na kuipeleka mapafuni. Mtu huyo aende hospitali usiku huo huo, hasa akiwa pia na maumivu ya kifua au akikosa pumzi.

Ninaendesha lori la mgodini na mgongo hauniachi. Masaji yatanitibu?

Yatakupunguzia maumivu kwa siku chache, na nafuu hiyo si ya kudharau. Hata hivyo, mtikisiko wa mtambo mwili mzima na kukaa muda mrefu ndivyo vinavyolea maumivu hayo, na vitakusubiri Jumatatu. Panga kumwona kine ambaye atakufundisha mazoezi, na utumie masaji kama msaada pembeni. Ukiona mguu unakosa nguvu, ganzi kati ya mapaja, au huwezi kuzuia mkojo au choo, achana na masaji kabisa na umwone daktari mara moja. Aliyeanguka au kupata ajali naye apigwe picha ya eksirei kwanza.

Nani hapaswi kukandwa, au akandwe kwa uangalifu?

Mwenye homa asikandwe. Mjini hapa homa inaweza kuwa malaria, na mwili unaouma kwa malaria unahitaji kipimo na dawa, siyo mikono. Asikandwe pia mwenye jeraha bichi, upele unaoenea, jipu au mshono ambao haujapona. Anayetumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu aseme mapema ili abonyezwe kidogo tu, la sivyo atajaa michubuko. Mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi asiwekewe mawe ya moto, kwa kuwa ataungua bila kujua. Mwenye shinikizo kubwa la damu lisilodhibitiwa aulize daktari wake, na mama mjamzito afanye hivyo hivyo, kisha akandwe akiwa amelala ubavu na mtu aliyezoea waja wazito.

Wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, ambao si wachache katika nchi yetu, wasikandwe kwa nguvu na wasiachwe kwenye baridi, kwa sababu baridi yenyewe inaweza kuanzisha maumivu makali ya ugonjwa huo. Maumivu yakianza, ni hospitali. Liko na jambo ambalo watu huona haya kulisema: ngozi iliyotumiwa mkorogo, yaani krimu za kung'arisha ngozi, kwa muda mrefu huwa nyembamba na huchubuka upesi. Mwambie mkandaji kwa sauti ya chini. Naye amekwisha kuyaona mengi.

Vipi kuhusu magonjwa ya kuambukiza?

Mwezi Agosti mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya afya ya kimataifa, na Kongo ndiyo iliyokuwa imeathirika zaidi. Ugonjwa huo huenea hasa kwa ngozi kugusana, na pia kwa shuka na taulo za mgonjwa. Kwa hiyo vipele visivyoeleweka, viwe kwako au kwa mkandaji, ni sababu ya kutosha ya kuahirisha, na taulo moja isitumike kwa watu wawili. Sabuni na maji yanayotiririka viwepo kabla na baada ya kazi.

Mafuta yapi ni salama?

Mafuta mepesi yasiyo na harufu kali yanawafaa wengi. Mwenye mzio wa karanga au lozi asome kibandiko cha chupa, na kama chupa haina kibandiko, asiyatumie. Mawese mekundu yabaki jikoni. Shuka za hoteli hazitakusamehe. Na ukiambiwa kwamba mafuta fulani yanatoa sumu mwilini, jua kwamba kazi hiyo ni ya ini na figo.

Je, mkandaji anaweza kutoa huduma ya kimapenzi?

Hapana, na usimuulize. Swali lenyewe, likiulizwa mlango ukiwa umefungwa, ni vitisho kwa mtu aliyekuja kutafuta riziki yake. Akitamkiwa au kushikwa vibaya ana haki ya kukusanya vitu vyake na kuondoka, na malipo yake yanabaki palepale. Ikiwa yeye ndiye anayekupendekezea, sema kwamba kazi imekwisha na upige simu mapokezi. Ukiletewa mtu anayeonekana kuwa mtoto, usimfungulie, na umwambie gerente waziwazi: sheria ya Kongo ya mwaka 2009 ya ulinzi wa mtoto inamhesabu kuwa mtoto kila asiyetimiza miaka 18.

Nikiumizwa katikati ya masaji nifanye nini?

Sema. Kubonyezwa kwenye fundo la msuli huleta maumivu yanayovumilika na yanayopungua. Maumivu ya kuchoma, ya umeme au yanayoshuka mguuni hayatakiwi. Mkubaliane mwanzoni maneno mafupi kama “polepole”, “ongeza” na “acha”, hasa kama mmoja wenu ana Kifaransa zaidi kuliko Kiswahili. Ulegevu na uchovu kidogo siku inayofuata ni kawaida. Ukiungua, ukipata upele au maumivu yakizidi baada ya siku mbili, mjulishe gerente na umwone daktari, ukiwa na ujumbe wa malipo na saa ya huduma.

Ninaweza kumwagizia mzazi wangu aliyekuja mjini kwa matibabu?

Unaweza, baada ya kumuuliza daktari anayemtibu na baada ya kumuuliza mzazi mwenyewe. Wazee wengi hukubali kukandwa miguu na mikono lakini hawataki kugeuzwa-geuzwa na mtu wasiyemjua. Agiza dakika 30, umchague mkandaji wa jinsia anayoitaka yeye, na ulipe wewe kabla ya kazi kuanza ili asisikie bei, maana akiisikia atakataa. Mwambie mkandaji amwite mama au papa kama inavyostahili, asimvute viungo, na atumie mafuta kidogo kwa sababu vigae vya bafuni vina utelezi na nyayo zenye mafuta zimewaangusha wengi. Kazi ikiisha, nyayo zifutwe kwa taulo kavu, mzee akae ukingoni mwa kitanda dakika chache, kisha asaidiwe kusimama.